Mama Kipimo Aufundisha Mkono Wake Kushuka

Saa mbili kasorobo asubuhi, foleni ya kina mama wenye watoto mgongoni imeshafika mlango wa nje. Ndani ya chumba cha dawa cha hospitali, mwanamke mfupi amekaa kwenye kigoda. Koti lake jeupe limefuliwa mpaka limechoka. Anabandika lebo kwenye chupa za plastiki, na kila lebo anaipapasa kwa kidole gumba mara moja tu. Harudii.

Nyuma ya kizuizi cha kioo, mwanamume wa makamo anachanganya dawa ya watoto. Anapima maji kwa silinda, anayamimina kwenye chupa yenye unga, anaitikisa. Kila silinda inapogusa meza, mwanamke wa lebo anainua uso.

"Hiyo ni ile ya mia, yenye ufa kwenye kitako," anasema bila kugeuka. "Ni yangu." Anachukua lebo nyingine. "Ilikuwa yangu."

Hospitali nzima inamwita Mama Kipimo, kuanzia mlinzi wa geti hadi mfamasia mkuu. Kwa zaidi ya miaka ishirini yeye ndiye aliyesimama pale mezani. Kina mama wakija dirishani walikuwa wakiuliza, "Hii kachanganya nani?" Wakijibiwa kwamba ni yeye, waliifungia chupa kwenye kanga na kwenda zao.

Muhula huu mambo yamebadilika. Uongozi umeamua kwamba yeyote anayetia maji kwenye dawa awe na cheti cha vipimo kutoka chuo cha jirani. Mama Kipimo alijaribu mtihani wa vitendo mara ya kwanza akaanguka. Alhamisi hii anarudia. Akianguka tena, meza itakuwa imekwenda moja kwa moja, na yeye atabandika lebo mpaka siku ya kustaafu.

Posho ya mezani, iliyokuwa robo ya mshahara wake, imesimama. Lakini ukikaa naye kidogo utagundua kwamba usingizi haumpotei kwa sababu ya posho.

"Pesa huja na kuondoka," anasema. "Mimi niliambiwa mkono wangu ni mizani. Niliambiwa na watu wazima. Sasa mtu akikwambia mizani yenyewe imepinda, unaishika wapi?"

Aliingia hospitali hiyo akiwa mfagizi. Aliyemtoa kwenye ufagio ni mchanganyaji wa zamani, mzee aliyejulikana kwa jina la Babu Dawa. Mzee alimwona akibeba ndoo iliyojaa pomoni kutoka ghorofa ya chini bila kumwaga tone. Akamwita. Akampa silinda.

Siku hizo chumba kilikuwa na kidirisha kimoja tu, juu karibu na dari, na taa ilikuwa ya kubahatisha. Ili uone mstari wa silinda ilikubidi uinyanyue juu ya kichwa, uielekeze kwenye mwanga.

"Babu alikuwa akisema, 'Inua, mwanangu, inua mpaka mwanga upite.' Nikawa nainua," anakumbuka. "Na yeye aliinua. Na aliyemfundisha yeye aliinua. Chumba kizima tulikuwa watu wa kuinua."

Babu Dawa alistaafu, na baadaye akafariki. Ukuta ukabomolewa, likawekwa dirisha kubwa. Zikaja taa nyeupe ndefu, zinazowaka hata mchana. Mkono wa Mama Kipimo ukabaki kule kule juu.

Chuoni anakwenda mara mbili kwa wiki, saa za mchana. Darasa limejaa vijana wa rika la wanawe. Siku ya kwanza walisimama wote wakamwamkia wakidhani ndiye mwalimu. Aliitikia shikamoo zao, kisha akaenda kukaa benchi la nyuma, na darasa likaangua kicheko.

"Ng'ombe hazeeki maini, mama," kijana mmoja alimwambia.

"Maini hayazeeki, mwanangu. Magoti ndiyo yananiuliza tunakwenda wapi," akamjibu.

Maneno ya mwanzo hayakumtisha. Aliambiwa kwamba chumvi ikikorogwa kwenye maji, chumvi ni kiyeyushwa, maji ni kiyeyushi, na kinachopatikana ni myeyusho. Akaambiwa kwamba ukolezi ni kiasi cha dawa kilichomo ndani ya kiasi fulani cha maji, na kwamba ukizidisha maji ukolezi unashuka hata kama dawa hujaipunguza.

"Nikasema kumbe haya mambo tunaishi nayo nyumba moja, sema sikuwahi kuyauliza majina," anasema.

Kilichomtoa jasho ni hesabu za takwimu. Wastani aliuelewa upesi: jumlisha vyote, gawa kwa idadi yake. Akafuata mchepuko sanifu, ile namba inayokuonyesha vipimo vyako vimetawanyika kiasi gani kutoka kwenye wastani. "Huo mchepuko ulinipa homa," anasema, na hacheki.

Kwenye benchi lake la nyuma kuna mwanachuo mwingine, mwanamke kijana mwenye mikono mirefu na haraka nyingi. Huyo ni mke wa mwanawe mkubwa. Wawili hao walijikuta darasa moja bila kupanga, na mwanzoni kila mmoja alitamani mwenzake ahamie zamu nyingine.

"Fikiria unakosea hesabu, na mama mkwe yuko kiwikoni," anasema mkwe huyo. "Halafu jioni unampikia."

Kilichotokea darasani humo bado kinasimuliwa. Mwalimu wa vipimo, mwanamke mwembamba asiyependa kupaza sauti, aliwapa zoezi. Kila mtu apime mililita hamsini za maji yaliyokenekwa, yaani maji safi yatokanayo na mvuke uliopozwa, ayamimine kwenye kikombe kilichokwishapimwa kikiwa kitupu, aweke kwenye mizani. Arudie mara kumi. Mililita hamsini za maji huwa na uzito wa karibu gramu hamsini, ukisamehe joto la chumba, kwa hiyo mizani ingesema nani mkweli.

Vipimo vya mkwe vilikimbia huku na huko kama kuku waliofunguliwa banda. Arobaini na nane, hamsini na tatu, hamsini, arobaini na saba. Vya Mama Kipimo vilisimama mstari mmoja: hamsini na mbili, hamsini na mbili nukta moja, hamsini na mbili, hamsini na moja nukta tisa. Hivyo hivyo mpaka cha kumi.

Darasa likampigia makofi. Hawakuwa wamewahi kuona mkono uliotulia namna ile.

Mwalimu hakupiga makofi. Alichora ubaoni mstari wa hamsini, kisha akaweka nukta. Za mkwe zilitapakaa pande zote mbili za mstari, lakini wastani wake ukaangukia hamsini kasoro kidogo. Za Mama Kipimo zilibanana kama abiria kwenye kivuli, mbali na mstari.

"Hizi zinakubaliana," mwalimu alisema akigusa nukta zilizobanana. "Lakini watu wakikubaliana haina maana kwamba wako sahihi."

Akaendelea taratibu. Makosa ya mkwe ni ya nasibu, mara yanazidi, mara yanapungua, na ukiyajumlisha yanapigana yenyewe kwa yenyewe. Kosa la Mama Kipimo ni la kudumu. Linakwenda upande mmoja kila siku, na ukirudia mara elfu linakusubiri pale pale. Kosa la namna hiyo, alisema, halionekani kwa kurudia. Linaonekana kwa kulinganisha na kitu kingine.

"Sasa linatoka wapi?" Mama Kipimo aliuliza.

"Pima tena, mama. Mimi nikutazame."

Akapima. Mkono ukapanda juu ya paji la uso, kuelekea dirishani, kama ulivyopanda siku zote. Mwalimu akamwomba abaki hivyo hivyo asitikisike. Akaichukua silinda kwa uangalifu, akaiweka mezani, akamwambia ainame mpaka jicho lilingane na maji.

Maji ndani ya silinda hayakai bapa. Hupanda kidogo ukutani na kubonyea katikati, na kipimo husomwa kwenye kitako cha huo mbonyeo. Ukiyatazama kutoka chini, jicho linakudanganya: maji yanaonekana yako chini kuliko yalipo, nawe unaongeza. Mama Kipimo aliinama, akatazama. Maji yalikuwa juu ya hamsini kwa mistari miwili.

Mkwe anasimulia: "Mimi nilitamani sakafu ifunguke. Maana mimi nilikuwa najua."

Alijua tangu wiki ya pili. Walipokuwa wakifanya zoezi la wawili wawili aliuona mkono unapanda, na kitabu kilikuwa wazi mbele yake, kina picha ya jicho na silinda. Hakusema.

Jambo hili ndilo lililomchoma mama mkwe kuliko yale maji ya ziada. Walipotoka nje, kwenye korido, alimsimamisha.

"Uliona, ukanyamaza?"

"Ningeanzaje, mama?"

"Ungeniambia nyumbani. Jikoni."

"Jikoni ndiyo kabisa, mama. Pale nikisema chumvi imezidi tunalala tumenuniana, sembuse hili."

Mama Kipimo anasema alitaka kukasirika, ikashindikana. Na yeye aliwahi kuwa mkwe wa watu. Kisha akaona kitu kingine. Kwenye chumba chao cha dawa, katika miaka yote hiyo, hakuna aliyewahi kumwambia Babu Dawa ashushe mkono. Hakuna hata aliyewaza. Heshima ilikuwa imekalia silinda.

Siku iliyofuata alikwenda moja kwa moja kwa mfamasia mkuu akamweleza. Aliuliza swali moja: watoto wamekunywa nini?

Mfamasia mkuu, mwanamume mpole anayezungumza akichezea kifuniko cha kalamu, anasema alifanya hesabu mbele yake. Maji hamsini na mbili mahali pa hamsini yanapunguza nguvu ya dawa kwa karibu sehemu nne katika mia. Hiyo ni ndani ya kiasi kinachovumilika.

"Sikumficha lakini," anasema. "Kosa halisafiri peke yake. Kiwandani unga umepungua kidogo, kwetu maji yamezidi kidogo, nyumbani kijiko hakikujaa. Kila mmoja anasema changu ni kidogo tu. Mtoto anavipokea vyote vitatu."

Mama Kipimo alimshukuru, akarudi mezani, akajaribu kushusha mkono. Hapo ndipo alipojua ana kazi. Akiufikiria, unashuka. Akisahau, akiulizwa kitu dirishani, akicheka, unapanda wenyewe.

Darasani kuna aliyempa njia ya mkato: kama kosa ni mbili siku zote, ajaze mpaka arobaini na nane, yaishe. Alijaribu. Kwenye silinda ya mia ilikubali. Akachukua silinda nyembamba ya ishirini na tano, mbili zikawa nyingi mno. Kosa lilikuwa linabadilika na upana wa silinda.

"Nikaona nitakuwa mtu wa kukariri uongo wa kila silinda," anasema. "Nikaacha."

Mtihani wa kwanza ulikuja kabla hajajiweza. Msimamizi alisimama nyuma yake, na mkono ukakimbilia ulikozoea. Vipimo sita kati ya kumi vilizidi. Wiki hiyo hiyo akakabidhiwa lebo.

Ndipo mkwe alipoanza kuleta nyumbani, kila Jumapili mchana, silinda ya plastiki na mizani ndogo, vyote vya kuazima chuoni. Wanakaa kwenye meza ya chakula wakitazamana. Mama mkwe anapima kwa kuinama, magoti yakilalamika. Mkwe naye anafundishwa kutulia: kushika silinda kwa vidole vitatu, kungoja maji yatue, kudondosha matone ya mwisho kwa kidonea, kibomba cha kutoa tone moja moja, badala ya kumimina.

"Una haraka kama unayefukuzwa na mvua," mama mkwe anamwambia. "Maji yameshafika. Yaache yakae."

Mkwe bado hawezi kusema, "Mama, mkono." Kwa hiyo anakohoa. Mkono ukianza kupanda, anakohoa mara moja, na unashuka. Mumewe, anayekaa sebuleni, aliwahi kuja mlangoni kuuliza kama mkewe amepata kifua.

"Kifua ni cha mama yako," mkwe akamjibu, na wote wawili mezani wakashindwa kupima kwa kicheko.

Jumapili moja mchepuko wa mkwe ulishuka chini ya gramu moja kwa mara ya kwanza. Mama Kipimo ndiye aliyekokotoa, kwa penseli, akiutamka ule mchepuko sanifu kama jina la mtu aliyewahi kumkosea na sasa wanasalimiana.

Alhamisi inafika. Chumba cha mtihani ni kidogo: meza ndefu, mizani, silinda, mtungi wa maji. Msimamizi ni mwanamume mwenye miwani iliyoning'inia kifuani. Masharti yanajulikana. Wastani usiwe mbali na hamsini zaidi ya nusu gramu, na mchepuko sanifu usizidi gramu moja. Wengine wote wanangoja nje, mkwe akiwa miongoni mwao.

Mama Kipimo anaweka silinda mezani na kuinama. Cha kwanza, arobaini na tisa nukta nane. Cha pili, hamsini. Anapima bila haraka, akipumua kwa sauti kila anaponyooka. Msimamizi anasoma mizani na kuandika.

Kipimo cha saba, mtu anabisha mlango kuuliza chumba kingine. Msimamizi anageuka kumjibu. Mizani inapotulia, inasema hamsini na moja nukta tisa. Msimamizi anaandika. Vitatu vya mwisho vinarudi hamsini, kimoja kasoro kidogo.

Msimamizi anajumlisha. Wastani, hamsini nukta moja tatu. Mchepuko sanifu, sifuri nukta sita tatu.

"Umefaulu, mama. Hongera."

"Ahsante, baba. Lakini hicho cha saba niliinua."

Msimamizi anasema kwamba mwanzoni hakumwelewa. Akamweleza kuwa kipimo kimoja hakikuharibu kitu, hesabu imekibeba, wastani uko ndani, mchepuko uko ndani.

"Nimeona hesabu imekibeba," Mama Kipimo akamwambia. "Ndiyo maana nakwambia. Wewe uligeuka, mizani haitajua kwa nini. Andika pembeni kwamba ni mkono."

Akaandika. Matokeo yakabaki yale yale, na cheti kitatoka mwisho wa mwezi. Nje, mkwe alimkumbatia mbele za watu, jambo ambalo hawakuwahi kulifanya, na wote wawili hawakujua mikono waiweke wapi baada ya hapo.

Ijumaa asubuhi mfamasia mkuu alimwita amkabidhi meza. Mama Kipimo akaomba asikabidhiwe bado. Alitaka wiki mbili zaidi za lebo, apime maji matupu kila siku baada ya kazi, mpaka apate kumi kwa kumi.

"Mama, watu huomba kupanda, wewe unaomba kubaki chini," mfamasia mkuu alimwambia. "Na umeshafaulu. Kwa wastani uko sawa kabisa."

"Kwa wastani, ndiyo, baba. Lakini mtoto hanywi wastani. Anakunywa chupa yake."

Mfamasia mkuu amekubali wiki mbili. Amekubali pia ombi la pili: fundi seremala amekuja kufunga rafu kando ya dirisha kubwa, silinda ikae juu yake na mtu aisome bila kuinyanyua. Mabishano yalikuwa kuhusu kimo, kwa kuwa wachanganyaji wawili wengine ni warefu. Fundi akashauri rafu ya kupandisha na kushusha kwa pini, na amedai mbao bora kidogo kuliko alizoletewa.

Mama Kipimo ana mpango mwingine kwa mwakani, kozi ya ngazi ya pili, ambayo ina kemia zaidi na takwimu ambazo bado hajazisikia majina. Anasema atajiandikisha kama magoti yatamruhusu. Kabla ya hapo kuna hizi wiki mbili.

Jana jioni, chumba kikiwa kimefungwa kwa wagonjwa, alipata tisa kati ya kumi tena. Cha nne ndicho kilichopanda. Alimwaga maji kwenye sinki, akakausha silinda, akaulizwa kama hachoki.

"Nachoka," akasema. "Lakini mkono wenyewe ndio huu huu, umelisha nyumba yangu. Siwezi kuubadilisha na wa jirani. Nitaufundisha tu."

Akaijaza tena silinda na kuinama.